Kapteni Kabadilika Sauti

Ubishi ulianza kabla umeme haujarudi,
palepale kwenye mabenchi ya banda la Pazi, Tandika,
watu ishirini na watatu, feni imenyamaza,
na Mfaume fundi friji, bisibisi bado mfuko wa shati,
anasema: huyu Kapteni wa sehemu ya tano siye.

Siye vipi? Nyamizi akageuka na sahani yake ya mihogo.
Ndiye yuleyule wa sehemu ya kwanza,
pua ile, kovu lile chini ya jicho.
Wa sehemu ya nne ndiye aliyekuwa wa kubandika,
kijana laini, kofia ya chuma inamcheza kichwani,
na wewe hukusema kitu. Ulilia, Mfaume.
Alipozima injini ili watoto wapate hewa, ulilia.

Nililia, ndiyo. Lakini yule alikuwa Kapteni.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kipaza sauti mapajani,
jasho linanitambaa shingoni,
nasikiliza kesi yangu.

Mwanamume mzima na ndevu zake, akasema mtu wa mlangoni,
halafu sauti ya Sikudhani!
Nyamizi hakumwacha amalize:
Baba yake alipokuwa Malkia wa Nyoka,
uliuliza?

Shomvi yeye siku zote lawama zake ni za muongozaji.
Zamani vita vilikuwa vifupi, vikali kama pilipili kichaa,
sasa watu wazima wanakaa mezani robo saa, wanaongea.
Hajui kwamba hiyo robo saa ilikuwapo tangu mwanzo.
Baba aliiruka kwa rimoti, akisema,
"Hapa wanasalimiana tu, tusonge."

Na mwandishi kachoka! Zamani Kapteni
akizingirwa na majeshi ya vyuma alisema,
"Mimi mwiba wa samaki. Nimeze uone."
Sasa anasema, "Tunahitaji nishati zaidi."
Nishati! Hata Tanesco wanasema hivyo.
Wakacheka wote gizani.
Nikauma mdomo.

Maana ndivyo asemavyo.
Nimesoma Kiingereza jioni miaka mitatu, Temeke,
naelewa kila neno linalomtoka kinywani
na nalileta lilivyo, kama karani wa mahakama.
Baba hakujua hata moja.
Alitazama midomo, akatazama macho,
akawapa maneno ambayo wangesema
kama wangezaliwa Maguruwe.
Roboti alimwita Shemeji.
Sayari ya barafu aliiita Makete.
Siku moja, nina miaka kumi na mitano, nikamsahihisha:
Baba, pale alisema mkewe amekufa,
hakusema ana deni.
Akanitazama. "Na uso wake, ulikuwa wa nini?"
Nikafikiri.
Wa deni, nikakiri.

Tulimzika Februari, sehemu ya tano haijafika.
Rimoti yake ina plasta kwenye kitufe cha kuruka,
sijaibandua.

Umeme ukarudi, feni ikakohoa,
watu wakashangilia kana kwamba ni goli.
Kapteni yuko mbele ya lango la nyota iliyozimika,
peke yake, vioo vya chombo vimepasuka,
na najua anachokuja kusema, nimekiandika pembeni ya daftari:
*Kuanzia hapa ramani haina kitu.*
Sentensi nzuri. Ya kweli.
Nikainua kipaza sauti.
Akafungua mdomo, nami nikamwangalia macho
na hayakuwa macho ya mtu wa ramani hata kidogo.

"Nimeacha sufuria jikoni," nikasema.

Mmoja akacheka, akakatiza katikati.
Nyamizi akaiweka sahani chini.
Mle ndani ikawa feni tu,
na nyota kubwa nyeusi ikizunguka ukutani juu ya shuka letu,
hadi Mfaume akasema, kwa sauti ya chini, bila kugeuka:

Siye.
Lakini mwacheni aseme.